Dolomaiti, chumvi ya Epsom, bomba au majivu: kuchagua tiba ya upungufu wa magnesiamu kwenye migomba ya Kigoma

Mkulima wa Buhigwe, Kasulu au Kibondo anayeona majani ya chini ya migomba yake yakigeuka manjano kabla ya wakati, na akathibitisha kwamba kinachokosekana ni magnesiamu, ana njia nne za kuirudisha: chokaa ya dolomaiti, chumvi ya Epsom inayowekwa udongoni, chumvi hiyohiyo ikinyunyiziwa majanini kwa bomba, au majivu, samadi na matandazo ya nyumbani. Njia hizi hazitofautiani kwa bei tu, bali pia kwa kasi, kwa muda zinaodumu, na zaidi ya yote kwa jinsi zinavyobadili uwiano wa magnesiamu na potasiamu. Niseme mapema ninapoegemea: kwa udongo mwekundu wenye tindikali wa miinuko yetu, dolomaiti ndiyo msingi, chumvi ya Epsom ya udongoni ni ya kuziba pengo wakati dolomaiti ikiyeyuka, bomba ni la mwisho, na majivu, yanayopendwa kuliko vyote kwa sababu ni ya bure, mara nyingi ndiyo yanayolikuza tatizo.

Kwanza, ni jani lipi linaloumwa

Magnesiamu ndiyo iliyo katikati ya molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani inayoliwezesha jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na pia husaidia kuitoa sukari kwenye jani iende kwenye mkungu, tunguu (lile shina nene la chini ya udongo) na mizizi. Ni kirutubisho kinachohama. Mizizi ikishindwa kuleta cha kutosha, mgomba huvunja klorofili ya majani makongwe, hutoa magnesiamu iliyomo na kuipandisha kwenye majani machanga na, wakati wake ukifika, kwenye mkungu. Ndiyo maana mgomba wenye njaa ya magnesiamu huwa na kilele cha kijani kizuri huku majani ya chini yakiwa ya manjano, na mwenye shamba anayeangalia kilele peke yake hudhani mambo ni shwari.

Tofauti ya kwanza ya kushika, basi, ni hii ya chini na juu. Dalili zikianzia kwenye majani machanga, magnesiamu iondolewe kwenye orodha. Kalsiamu na boroni hazihami zikishajengwa ndani ya jani. Chuma nacho huhama kwa shida sana, na salfa na zinki huhama kidogo tu. Jani kongwe haliwezi kuliokoa jani changa kwa virutubisho hivyo hata kama lenyewe limeshiba. Kwa hiyo jani jipya linalotoka limejikunyata au bapa, yaani sehemu pana ya jani, likikosekana sehemu huelekeza kwenye kalsiamu au boroni, jani jipya lililopauka kati ya mishipa huelekeza kwenye chuma, na jani jipya jembamba lenye wekundu wa zambarau upande wa chini huelekeza kwenye zinki. Majani machanga yaliyosongamana kileleni, membamba na yaliyosimama wima, yenye mistari na nukta za kijani kilichokolea kwenye kikonyo na kando ya uti, si suala la mbolea hata kidogo. Huo ni ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na vidukari na machipukizi, umekuwepo kwa miaka mingi kwa jirani zetu wa Burundi, na mgomba wa namna hiyo huripotiwa kwa afisa ugani, haulishwi.

Dalili zikianzia chini, kazi haijaisha, kwa sababu potasiamu, naitrojeni na fosforasi nazo huhama. Hapa ndipo wengi hupotea njia, na hapa inafaa kusimama kwa muda. Shika jani la pili au la tatu kutoka chini ambalo bado halijakauka, uliinue lipitishe mwanga. Manjano ya magnesiamu hukaa kwenye bapa, kati ya uti wa jani na ukingo, kwa upana wa vidole kadhaa kila upande. Kando ya uti hubaki kijani, na mara nyingi ukingo wa nje kabisa nao hubaki na mstari mwembamba wa kijani kwa majuma kadhaa kabla ya kukauka. Ukitazama kikonyo unaweza kukuta mabaka ya zambarau yanayoelekea bluu. Upungufu ukiwa mkubwa, ala za majani, yaani zile sehemu za chini zinazokumbatiana na kuunda shina, huanza kuachana na shina.

Potasiamu hufanya vingine. Manjano yake huelekea rangi ya chungwa, huanzia kwenye ncha na kushuka haraka kwenye bapa lote, na jani hukauka muda mfupi tu baada ya kugeuka. Uti hujikunja au kuvunjika, ncha ikaelekea kwenye shina. Mkungu huwa mfupi na vidole vyake havijai. Naitrojeni huufifisha mmea mzima, vikonyo vikawa na rangi ya waridi na majani mapya yakatoka kwa kuchelewa. Fosforasi hukausha ukingo wa majani makongwe kwa meno ya msumeno, huku bapa lililobaki likiwa kijani kilichokolea kupita kawaida. Dalili hii ni adimu shambani na sitairudia.

Kati ya manne hayo, potasiamu na magnesiamu ndizo zinazochanganywa zaidi, na kuzichanganya kuna gharama ya pekee: dawa ya moja huongeza upungufu wa nyingine. Mizizi huchukua virutubisho hivi kwa ushindani, na potasiamu ikiwa nyingi udongoni, magnesiamu hubaki nje hata pale ambapo kipimo cha maabara kingesema ipo ya kutosha. Amonia na kalsiamu nazo hushindana nayo, ingawa si kwa nguvu ileile.

Kabla ya kununua chochote, kata shina moja lenye dalili. Usaha wa manjano ukichuruzika, huo ni mnyauko bakteria, na dalili zake nyingine ni ndizi kuiva kabla ya wakati na nyama yake kuwa ya kahawia. Ukiona ndani ya shina mishipa yenye rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva, huo ni mnyauko wa kuvu, ule wa Panama, ambao nao hugeuza majani ya chini kuwa manjano na ndio unaofanana na upungufu kuliko magonjwa mengine yote. Chimbua pia tunguu uangalie mashimo ya bungua, kwa kuwa mgomba ulioliwa mizizi na tunguu huonyesha njaa ya kila kitu hata kwenye udongo wenye rutuba. Panga uliotumia usafishwe kwa moto au jiki kabla ya kugusa shina jingine.

Kwa nini tatizo hili liko kwetu

Nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe hupata mvua inayopita milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote huanguka katika msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Mvua hiyo hushuka na magnesiamu chini ya mizizi, kwa sababu udongo mwekundu uliochakaa hauna nguvu kubwa ya kuishikilia. Huku mahali pake hukaa aluminiamu na tindikali. Mizizi mingi ya mgomba iko ndani ya sentimita 30 hadi 40 za juu, kwa hiyo kilichoshuka zaidi ya hapo kimekwenda. Maeneo ya chini yenye mchanga, kuelekea Uvinza, yana shida hiyohiyo kwa sababu nyingine: mchanga haushiki kitu.

Mbolea za yurea, DAP na salfeti ya amonia, zikitumika mwaka hadi mwaka bila chokaa, huongeza tindikali. Na kila mkungu unaopandishwa kwenye baiskeli kwenda sokoni huondoka na potasiamu nyingi na magnesiamu kidogo, jambo linalomsukuma mkulima makini kurudisha potasiamu peke yake.

Dolomaiti

Dolomaiti ni jiwe la chokaa lenye kalsiamu na magnesiamu pamoja. Ikiwa safi ina magnesiamu ya asilimia 13. Ile ya dukani mara nyingi iko kati ya asilimia 8 na 12. Mifuko mingi huandika kiwango cha oksidi ya magnesiamu, na hapo namba hiyo huzidishwa kwa 0.6 ili kupata magnesiamu yenyewe. Mfuko usioonyesha magnesiamu kabisa huenda ni chokaa ya kalsiamu tupu, na hiyo pamoja na chokaa nyeupe ya kupaka kuta ni chaguo baya hapa: hupunguza tindikali, ni kweli, lakini huongeza mshindani wa magnesiamu bila kuongeza magnesiamu.

Ubora wa dolomaiti ni kwamba hutibu mambo mawili kwa mkupuo, tindikali na upungufu, na kazi yake hudumu misimu kadhaa. Udhaifu wake ni mwendo. Huyeyushwa na tindikali ya udongo, na huchukua miezi mingi kabla mizizi haijanufaika vya kutosha. Ikiwa imesagwa kwa chembe kubwa husubiriwa zaidi. Kwenye udongo ambao pH yake (kipimo cha tindikali; namba ikishuka tindikali huzidi) imeshapita 6.5 karibu haiyeyuki, na kuiweka hapo ni kupoteza fedha.

Tuchukue migomba iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ambayo hutoa mashina yapatayo 450 kwa ekari. Kilo moja kwa shina, kiasi ambacho ni cha tahadhari pale ambapo udongo haujapimwa, ni mifuko 9 ya kilo 50. Ikiwa dolomaiti hiyo ina asilimia 10, kila shina limepata gramu 100 za magnesiamu. Itawanywe Septemba, kabla ya mvua za kwanza, kwenye duara linaloanza karibu sentimita 30 kutoka kwenye shina na kwenda hadi mita moja, ikwatuliwe kidogo kwa jembe bila kukata mizizi, kisha matandazo yarudishwe juu. Kuirundika kwenye kiguu cha shina, kama ninavyoiona mara kwa mara, ni kuipeleka mahali penye mizizi michache ya kunyonya.

Chumvi ya Epsom udongoni

Chumvi ya Epsom ni salfeti ya magnesiamu. Ina magnesiamu ya asilimia 9.8 na salfa ya asilimia 13, huyeyuka mara moja kwenye maji na haibadili pH. Hapa tofauti na dolomaiti inaonekana wazi: kwa uzito zinakaribiana kwa magnesiamu, lakini Epsom hufika kwenye mizizi ndani ya siku badala ya miezi, na kwa sababu hiyohiyo huondoka na mvua kubwa. Kuimwaga yote Desemba mvua ikiwa imekolea ni kuilisha mito. Gramu 200 kwa shina kwa mwaka, zikigawanywa mara mbili za gramu 100, ya kwanza mvua zikishatulia na ya pili Machi au Aprili kabla ya kiangazi, ni mpango unaotekelezeka. Jumla yake ni gramu 20 hivi za magnesiamu kwa shina, yaani sehemu ya tano ya zile za dolomaiti, lakini zote zinaweza kuchukuliwa msimu huohuo.

Kwa bei ya kilo, Epsom humshinda mkulima mdogo mapema, hasa ikinunuliwa kwa pakiti ndogo za duka la dawa badala ya mfuko wa duka la pembejeo. Kilo 90 kwa ekari kila mwaka ni mzigo. Ninaipendelea katika hali mbili tu: pale ambapo udongo si wa tindikali na dolomaiti haitafanya kazi, na pale ambapo dolomaiti imeshawekwa lakini migomba haiwezi kuisubiri.

Onyo moja la Kigoma: chumvi hii si ndugu ya chumvi ya Uvinza. Ile ya Uvinza ni chumvi ya mezani, kloridi ya sodiamu, haina kazi ya kutibu manjano, na ikimwagwa kwenye mashina itaunguza mizizi na kuharibu udongo. Asiyepata Epsom ni heri asiweke kitu kuliko kuweka chumvi ya jikoni.

Kunyunyizia majani

Hesabu ya njia hii ndiyo inayoihukumu. Bomba la lita 20 lenye mmumunyo wa asilimia 2 hubeba gramu 400 za chumvi ya Epsom, ambazo ndani yake zina gramu 39 za magnesiamu. Likitosha migomba 20 mikubwa, kila mmoja umepata chini ya gramu 2, tena kama kila tone lingeingia, na tone haliingii lote: jani la mgomba lina nta inayoteleza, na bila matone machache ya sabuni ya maji kwenye bomba, dawa nyingi huishia chini. Zaidi ya hapo, migomba yetu ya kupika huenda juu kuliko mkono na mrija wa bomba. Kazi hii hufanyika asubuhi au jioni, hurudiwa kila baada ya majuma mawili au matatu, na jani lililokwisha kukauka halirudi.

Sioni sababu ya kuichagua kwa shamba lililokomaa. Inafaa kwenye kitalu na kwa miche iliyohamishiwa shambani, ambapo majani yanafikika na mizizi bado ni michache, na inafaa pia kama jaribio: nyunyizia mashina machache yenye dalili, acha mengine, na tofauti ikionekana umethibitisha kwamba tatizo ni magnesiamu kabla ya kutumia fedha ya mifuko 9.

Majivu, samadi na matandazo

Majivu ya kuni yana kalsiamu nyingi, potasiamu ya kutosha, na magnesiamu kidogo, kwa kawaida asilimia 1 au 2. Hupunguza tindikali haraka. Kwa shamba lenye upungufu wa potasiamu ni zawadi, lakini kwa shamba lenye upungufu wa magnesiamu uliosababishwa na wingi wa potasiamu ni kinyume chake. Katika nyumba nyingi za Kigoma, migomba inayopokea majivu ya jiko kila asubuhi ni ile iliyo nyuma ya nyumba, na ikiwa ndiyo yenye manjano ya kati ya bapa huku ya mbali ikiwa salama, jiko ndilo la kushukiwa kwanza. Majivu ya mashuke ya michikichi, ambayo wakamuaji wa mawese huyafahamu kwa kutengenezea sabuni, yana potasiamu nyingi mno kuliko ya kuni na yanahitaji mkono mwepesi zaidi. (Mchikichi wenyewe nao huugua upungufu huu: makuti ya chini hugeuka rangi ya chungwa upande unaopigwa na jua. Kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoshughulikia zao hilo kiko mkoani humuhumu.)

Samadi ya ng'ombe na matandazo ya majani makavu ni jambo jingine kabisa. Magnesiamu yake ni kidogo kwa kilo, lakini huongeza uwezo wa udongo kuishikilia, hulinda unyevu wa kiangazi, na unyevu ndio unaoileta magnesiamu kwenye mizizi, kwa kuwa husafiri ndani ya maji ya udongo. Hazishindani na dolomaiti. Bila hizo dolomaiti nayo itaoshwa. Ndoo mbili za samadi iliyooza kwa shina kwa mwaka, kwa anayeipata, zisikosekane kwa chaguo lolote kati ya yale ya juu.

Umri wa mgomba huamua

Mgomba ukishatoa mkungu hautoi tena jani jipya. Majani yaliyopo ndiyo yatakayoujaza mkungu, na yakibaki pungufu ya 8 wakati wa kuchanua, vidole huanza kuteseka. Kwa hiyo mgomba wenye mkungu ambao tayari una manjano usipewe kipaumbele. Fedha iwekwe upande wa binti yake, yaani chipukizi linalomfuata. Katika shina lenye mama, binti na mjukuu, mbolea hutawanywa zaidi upande wa binti, na mama akishavunwa, shina lake liachwe refu kwa muda badala ya kukatwa chini mara moja, maana virutubisho vinavyohama, magnesiamu ikiwemo, huendelea kushuka kutoka kwenye shina hilo kwenda kwa binti kupitia tunguu. Majani yake na shina likishakauka vikatwekatwe na kubaki shambani.

Kwa mgomba ambao haujafika nusu ya urefu wake, dolomaiti na Epsom ya udongoni pamoja ndiyo njia ninayoipendekeza. Kwa shamba jipya ambalo mashimo ndiyo yanachimbwa, dolomaiti ichanganywe na udongo wa shimo na samadi mapema, Epsom isinunuliwe. Na anayeweza kupima ndiye atakayechagua vizuri zaidi: sampuli ya udongo inaweza kupelekwa maabara ya TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kipimo cha jani huchukuliwa kwenye jani la tatu kutoka juu wakati mgomba unachanua, ambapo magnesiamu iliyo chini ya asilimia 0.3 ya uzito mkavu, huku potasiamu ikiwa juu ya asilimia 3, husema wazi kwamba majivu yasimame na dolomaiti ianze.

Kuitathmini tiba yenyewe kunahitaji uangalifu, kwa sababu ya kuhama kulekule. Jani jipya la kijani halithibitishi kitu. Lingetoka kijani hata bila mbolea, kwa gharama ya yale ya chini. Njia ya kuaminika ni kufunga uzi wa katani kwenye kikonyo cha jani la tatu kutoka juu siku ya kuweka mbolea, kwenye mashina machache yaliyopewa na machache yasiyopewa, kisha kulifuata jani hilo linavyosukumwa chini na majani mapya. Kwenye miinuko yetu yenye baridi, jani jipya laweza kuchukua hadi majuma mawili kutoka, hivyo jani lililofungwa uzi litafika nafasi ya nane au ya tisa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Likifika huko likiwa bado kijani upande uliowekewa, na manjano upande usiowekewa, endelea na kiasi hichohicho. Yakiwa manjano pande zote mbili na mbolea ilikuwa Epsom, rudi kwenye potasiamu, tunguu na mizizi. Yakiwa hivyo na mbolea ilikuwa dolomaiti, funga uzi mwingine msimu unaofuata kabla ya kuihukumu.